Sukari ya Damu: Ipimwe Lini, na Mara Ngapi?

Mwanafunzi wa baiolojia wa Tarime au wa Mugumu anaifahamu dawa ya Benedict. Huchanganywa na sampuli ya chakula ndani ya neli ya kioo, neli ikatiwa katika maji yanayochemka, na rangi ya buluu ikageuka kijani, kisha manjano. Penye sukari nyingi huwa nyekundu ya tofali. Wanafunzi wachache huambiwa kwamba kwa miaka mingi ya karne ya 20 dawa hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kupima mkojo wa wagonjwa wa kisukari.

Kipimo hicho kilikuwa na upungufu mkubwa. Figo zenye afya hurudisha damuni karibu sukari yote zinayoichuja, mpaka kiwango cha damu kipite takriban milimoli 10 kwa lita. Hapo ndipo sukari huanza kumwagikia katika mkojo. Basi mkojo usio na sukari hauwezi kutenganisha damu yenye milimoli 9 na damu yenye 5, wala na ile yenye 2, ambayo yaweza kumwua mtu kabla ya jua kuchwa. Tena mkojo hukusanyika kibofuni kwa saa kadhaa, kwa hiyo habari zake ni za saa zilizopita. Mwaka 1965 kampuni ya Ames ilitoa Dextrostix, kijiti cha kupimia tone la damu, na tangu hapo vipimo vya namna hiyo vimeendelezwa sana. Leo mgonjwa hujitoboa kidole, akaligusisha tone na kijiti kilichochomekwa katika mashine iliyo ndogo kuliko kiganja. Kimeng'enya kilichomo kijitini huioksidisha glukosi, na mashine hupima umeme unaotokana na kitendo hicho.

Namna ya kupima, basi, si tatizo tena. Tatizo ni wakati, na idadi. Kila kijiti hutumika mara moja tu na hununuliwa kwa fedha, na mkulima wa vilima vya Tarime au mfugaji wa Serengeti hana budi kuchagua. Wala hatuzungumzii ugonjwa wa watu wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 katika jarida la Lancet, uliowapima watu 6,299 wa vijiji sita vya Tanzania, ulikuta kisukari kwa asilimia 0.87. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64. Umri na mahali havilingani, kwa hiyo tarakimu hizi mbili zisilinganishwe kwa haraka. Lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini.

Rai yangu ni kwamba kipimo kina thamani pale tu jibu lake linapoweza kubadili tendo. Kwa hiyo idadi ya vipimo hutegemea kwanza tiba anayotumia mgonjwa.

Anayejidunga insulini huamua kiasi cha dawa kila siku. Huyu yampasa kupima kabla ya milo na kabla ya kulala, na kila anapohisi kutetemeka, kutokwa jasho au kuchanganyikiwa. Siku ya homa ya malaria asiache insulini kwa kuwa hali chakula, maana ugonjwa wenyewe huipandisha sukari. Siku hiyo apime kila baada ya saa nne hivi, na akitapika au akipumua kwa shida apelekwe hospitali. Siku ya kulima au ya kufuata ng'ombe mbali ina hatari ya namna nyingine. Misuli iliyotumia akiba yake ya glukosi huendelea kuivuta kutoka katika damu ili kuirudisha, hata usiku, mwenyewe akiwa usingizini. Pombe huongeza hatari hiyo kwa kulizuia ini lisitengeneze glukosi mpya. Kipimo cha wakati wa kulala, baada ya siku kama hiyo, ni cha lazima. Kikiwa chini ya 4, anywe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Asiye na kijiti asingoje, anywe kwanza.

Anayemeza glibenklamidi naye yu katika hatari ya kushukiwa na sukari, hasa akiruka mlo shambani. Bali anayetumia metfomini peke yake ni nadra kupatwa na jambo hilo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2007, wa wagonjwa 453 wasiotumia insulini, haukuona tofauti ya maana baada ya mwaka mmoja kati ya waliojipima na wasiojipima. Wengine wamelichukua jibu hilo kama ruhusa ya kuiweka mashine kabatini. Mimi nalisoma vingine: kupima bila kutenda hakuponyi.

Mazoea ya wengi ni kupima kila alfajiri kabla ya kula. Huko ni kulikagua shamba kila siku katika pembe ile ile. Tuseme mama mmoja wa Nyamwaga anameza metfomini na ana vijiti vinne kwa juma. Jumatatu apime kabla ya uji, na tena saa mbili baada ya kuanza kuunywa. Alhamisi afanye vivyo hivyo kwa ugali wa jioni. Akikuta 7.2 kabla ya ugali wa muhogo na 13.1 baadaye, amejifunza jambo ambalo alfajiri thelathini zisingemwonyesha. Juma lijalo apunguze ugali, aongeze mboga na maharage, apime tena jozi ile ile. Kwa watu wazima wengi hutakiwa 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye.

Hospitali nazo zina kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha glukosi iliyogandamana na himoglobini kwa miezi miwili au mitatu, nacho hufanywa mara mbili kwa mwaka, au kila miezi mitatu tiba inapobadilishwa. Hapa wakazi wa Kanda ya Ziwa wana sababu ya kuwa waangalifu. Mwalimu aliyefundisha selimundu na malaria anajua kwa nini vinasaba vya selimundu vimeenea palipo na mbu wengi: uchunguzi wa watoto wachanga katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ulikuta karibu mmoja kati ya watano amerithi kinasaba kimoja. Kwa mtu wa namna hiyo HbA1c yaweza kusoma chini kuliko hali halisi, na kwa mwenye ugonjwa wenyewe, ambaye chembe zake nyekundu hufa mapema, haitegemewi kabisa. Jibu zuri la HbA1c lisilopatana na daftari la vijiti lisipokewe kabla daktari hajaviona vyote viwili.

Kabla ya kupima, mikono ioshwe kwa maji na ikauke. Aliyetoka kumenya ndizi mbivu hubaki na sukari ya tunda kidoleni, na kuipangusa kwa spiriti tu huenda kusiiondoe. Mashine haina njia ya kujua kama glukosi hiyo ni ya damu au ya ndizi.