Esanse ipite wapi? Somo la motokari iliyowaka barabarani

Bakamarade, mama na baba wa nyumbani, tunawaambia kwanza ile ilitokea, kisha tutaeleza namna ya kuizuia.

Ilikuwa usiku, na posti ilikuwa imechelewa kwisha. Bisi ya kampuni ilikuwa imekwisha kwenda, maana haingoji wale wanaobakia kwa masaa ya nyongeza. Njo tukaingia watano mu motokari ya kamarade wetu mmoja, mekanisye wa garaji ya mugodi. Ni Toyota Mark II. Ilikuja na motere ya kawaida, lakini yeye aliitoa, akaweka ile wanaita 1JZ-GTE: silinda 6, litre 2,5, na turbo. Motokari ile ikipita mu kartie, watoto wanaacha mpira kuitazama.

Njiani tukasikia harufu ya esanse. Aliyeketi mbele akasema, "Yaya, kuko kitu kinanuka." Yeye akajibu, "Hapana, ni turbo mupya, itazoea." Tulipovuka dodani moja tu, moto ukatoka chini ya kapo. Motere ikazimika yenyewe, lakini moto ukazidi kukua, sawa vile mtu anaumwangia kitu. Tulitoka wote wazima, paka mmoja wetu aliyejaribu kufungua kapo aliungua mkono, na wiki tatu hakushika kazi. Udongo wa kando ya barabara njo ulituokoa. Tuliutupa kwa mikono na kwa kofia zetu za mugodi.

Siku ya yenga tukaivuta ile motokari mpaka mu parsele yake, tukalala chini na torshi. Tulifuata njia ya esanse kidole kwa kidole, kutoka rezervuari mpaka rampe, ile chuma ndefu inayogawia enjekteri. Tukakuta makosa manne.

Shaba inatulisha, lakini hapa haifai

Kosa la kwanza: alikuwa ametoa tiyo za chuma za kiwandani, akisema ni nyembamba kwa nguvu ya turbo, na akaweka tiyo ya shaba, ile ya friji. Sisi watu wa Katanga ni vigumu kusema neno baya juu ya shaba. Lakini shaba ikitikisika siku kwa siku inakuwa ngumu, kisha inapasuka, hata kama jiwe halijaigusa. Tena inaharibu esanse polepole, mpaka inaacha ulimbo mu enjekteri. Mu njia ya esanse tunaweka chuma ya pua. Na kama tiyo za kiwandani ni nzima, hazina kutu, usizitoe ovyo. Wale walioitengeneza motokari walikwisha kutafuta njia ambayo mawe na joto haviifikii.

Kosa la pili: mwisho wa tiyo aliunganisha mpira wa karbirateri. Karbirateri inapokea esanse kwa presio ndogo, bari 0,3 hivi. Motere ya enjeksio inataka karibu bari 3, ni kusema mara kumi. Na turbo ikipuliza, regulateri inaongeza presio sawasawa na ile ya turbo, basi unaweza kufika bari 4. Mpira wa karbirateri utavumilia siku chache, halafu utafura. Ukienda kununua, soma maandishi yaliyo juu ya mpira: kwa enjeksio ni R9. Kwa kipande kinacholala ndani ya rezervuari, mu esanse yenyewe, ni R10. Mpira mwingine unalainika mule ndani na kuoza.

Kosa la tatu: njia. Mu motere ile, turbo iko upande mmoja na rampe iko upande wa pili. Fundi wetu alipandisha tiyo upande wa turbo, juu ya kuwa palikuwa nafasi, kisha akaivusha juu ya motere. Chuma ya turbo ikivutwa sana inaweza kupita digri 700. Tone moja la esanse likianguka pale, hakuna mtu atakayeuliza cheche ilitoka wapi.

Kosa la nne njo lilitutisha kuliko yote. Pompe mupya alikuwa ameifunga moja kwa moja kwa kontakti, bila kupita mu rele inayoongozwa na motere. Toyota ilipangwa hivi: motere ikisimama, pompe nayo inasimama. Ile yake iliendelea kusukuma esanse mu moto, maana ufunguo ulikuwa bado umewashwa. Yule tuliyedhani anaumwangia moto ilikuwa pompe.

Namna tulivyoipitisha upya

Tiyo ya chuma inatoka rezervuari, inapita mu filtri, na inafuata ubavu wa ndani wa shasi. Isiwe kitu cha chini kuliko vyote, juu ya dodani na mawe. Isikaribie tiyo ya moshi, wala ile shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, maana shafti ikivunjika inapiga kila kitu. Isifungwe pamoja na waya wa batri. Kila sentimita 40 tuliweka kolye yenye mpira ndani, ili tiyo isicheze wala isisuguliwe.

Pale inapotoboa bati, tunaweka mpira wa duara, la sivyo bati itaikata sawa kisu. Wale wanaopenda tiyo zilizosukwa kwa waya wa chuma kwa sababu zinapendeza, wajue kwamba ule waya ni tupa. Unasugua rangi, unasugua waya za umeme, unasugua tiyo jirani. Uvikeni mpira.

Mbele, tiyo inapanda upande wa rampe, mbali na turbo. Kati ya shasi na motere lazima kipande cha mpira R9, kwani motere inacheza unapokanyaga. Kiwe na ulegevu kidogo, lakini kisininginie. Mdomo wa tiyo ya chuma uwe na kidonda kilichovimba kuzunguka, ili mpira usichomoke, na kolye iwe ya enjeksio, laini ndani, isiyotafuna mpira. Esanse inaingia upande mmoja wa rampe na kutoka upande wa pili kwa regulateri, halafu ile iliyobaki inarudi rezervuari. Njia ya kurudi ichungwe kama ya kwenda.

Kabla ya kuwasha, jaribuni. Mu Toyota hizi za zamani, kuko kisanduku chini ya kapo kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukiunganisha +B na FP kwa kipande cha waya, na kontakti imefunguliwa, pompe inazunguka bila motere kuwaka. Tuliiacha dakika kumi, tukapitisha karatasi kavu kwa kila kiungo. Kiungo kimoja kililowesha karatasi. Tukakifungua, tukakirudilia. Kizimamoto cha unga kilikuwa karibu, maana maji hayazimi esanse, yanaitembeza.

Neno moja kwa wale wa mazuti: rampe ya malori mapya inabeba presio inayopita bari 1 000. Usitafute mvujo kwa mkono. Mazuti inapenya ngozi, na tundu ni dogo sawa la sindano, huoni damu. Mtu akipigwa hivyo, apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema hasikii uchungu.

Tulipomaliza, yule kamarade alikaa juu ya gurudumu, akasema: "Mu mugodi, kama ningalipitisha tiyo ya mashine namna hii, shefu angalinifukuza, na ninyi wa sendika mungalisema ana haki." Ni kweli. Chini ya shimo hakuna anayefunga tiyo bila kolye, wala kuipitisha juu ya kitu cha moto. Lakini tukifika mu parsele, tunaacha kazi yetu kwa mlango, na watoto wetu njo wanakaa kiti cha nyuma.

Basi siku ya yenga, mwenye motokari iliyobadilishwa motere ailete kwa wenzake, waikague pamoja. Na sisi, kwa mkutano ujao na kampuni, jambo la kwanza ni bisi: ingoje posti yote, hata ya masaa ya nyongeza. Tuliingia mu ile motokari juu ya kuwa hatukuwa na nyingine.