MOSHI WA INJINI NA MAANA YAKE

Msomaji aliyewahi kusimama kando ya mlima Kitonga, katika barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa, bila shaka ameyaona malori yakipanda huku yakiacha mawingu ya moshi nyuma yao. Lori moja hutoa moshi mweusi kama masizi ya chungu. Jingine hutoa moshi wenye rangi ya buluu. Na asubuhi ya baridi, gari dogo lililowashwa punde hutoa moshi mweupe ambao hutoweka mara. Wengi wetu hutazama na kupita. Lakini moshi ni ushahidi wa yale yanayotendeka ndani ya silinda, mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Ajuaye kuusoma aweza kuokoa injini, na pengine uhai wa mtu.

Mafuta yanavyoungua

Petroli na dizeli ni michanganyiko ya haidrokaboni, yaani misombo ya kaboni na haidrojeni. Tuchukue oktani iwe mfano wetu:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Kwa hesabu ya moli, gramu 114 za oktani huhitaji gramu 400 za oksijeni, na matokeo yake ni gramu 352 za kaboni dioksidi na gramu 162 za maji. Kwa kuwa oksijeni ni chini kidogo ya robo ya uzito wa hewa, kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Jambo la kushangaza ni kwamba lita moja ya petroli, ikiungua sawasawa, hutoa maji yapatayo lita moja! Maji hayo hutoka yakiwa mvuke usioonekana. Kwa hiyo injini nzima, iliyokwisha kupata moto, haitoi moshi wa kuonekana. Moshi ukionekana, kuna kitu kilichopungua, kilichozidi, au kilichoingia mahali pasipo pake.

Moshi mweusi

Huu ni kaboni iliyokosa oksijeni ya kutosha. Taa ya chemni iliyopandishwa utambi kupita kiasi hutia kioo weusi kwa sababu iyo hiyo: mafuta ni mengi, hewa ni haba. Kitu cha kutazamwa kwanza ni chujio la hewa, hasa baada ya safari za vumbi. Likiwa safi, fundi huchunguza kabureta katika magari ya zamani ya petroli, au pampu na nozeli katika injini za dizeli. Mzigo uliopita kiasi nao huleta moshi mweusi, kwani dereva hudai mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Hata mwinuko una athari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli iliyozidi ifikapo huko.

Moshi wa buluu

Moshi wa buluu ni oili iliyoingia katika silinda. Matone yake ni madogo mno hata hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, kama zifanyavyo molekuli za hewa angani.

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika. Oili ina njia mbili kuu za kuingilia: kutoka chini, kupita ringi za pistoni zilizolika, au kutoka juu, kupita sili za valvu zilizokauka. Kubadili sili ni kazi ndogo; kubadili ringi ni kufungua injini nzima. Mwenye gari akiambiwa tu kwamba injini imekufa, aweza kulipa fedha nyingi kwa sababu ya kipande kidogo cha mpira.

Wakati wa kutokea moshi ndio hutofautisha. Ukitoka kwa muda mfupi gari liwashwapo asubuhi, sili hushukiwa, kwa maana oili ilichuruzika usiku. Ndivyo ilivyo pia ukitokea dereva akanyagapo mafuta baada ya mteremko mrefu, kwani katika injini ya petroli kanieneo ya bomba la kuingizia hewa hushuka wakati wa kuteremka na kuifyonza oili. Lakini moshi ukizidi kadiri injini inavyobeba mzigo, ringi hushukiwa. Kuthibitisha, fundi wa injini ya petroli hupima mgandamizo wa kila silinda, humimina oili kidogo katika tundu la plagi, kisha hupima tena. Kipimo kilichokuwa chini kikipanda, oili imeziba mwanya wa ringi. Kikibaki chini, mgandamizo unavujia kwenye valvu au gasketi. Pikipiki za mipigo miwili, ambazo oili yake huungua pamoja na petroli, hutoa moshi wa buluu kwa kawaida. Huo si ugonjwa.

Moshi mweupe

Moshi mweupe unaokoma injini ipatapo moto ni mvuke uliotonesha ndani ya bomba baridi. Usipokoma, huenda maji ya rejeta yanapenya silinda kupitia gasketi iliyoungua. Dalili zake nyingine ni maji kupungua bila kuvuja nje, na oili kugeuka rangi kama chai ya maziwa. Gari la namna hiyo lisiendeshwe. Wala rejeta isifunguliwe ingali moto, kwani maji yaliyo chini ya kanieneo huweza kuruka na kumbabua mtu. Katika injini ya dizeli, moshi mweupe unaochoma macho na kudumu hewani ni mafuta yasiyoungua.

Hatari isiyoonekana

Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni hugeuka kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo injini isiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa, hata kama haitoi moshi wowote.

Zoezi

Mwishoni mwa karne ya 19, Maximilien Ringelmann wa Ufaransa alibuni kadi za kupimia weusi wa moshi. Katika kadi nyeupe, chora mistari myeusi yenye unene wa milimita 1, wima na mlalo, ukiacha nafasi za milimita 9. Kila mraba wa milimita 10 kwa 10 utabaki na weupe wa 9 × 9, yaani 81 katika 100. Weusi ni asilimia 19. Chora nyingine yenye mistari ya milimita 2.3 na nafasi za 7.7, kisha kokotoa weusi wake. Zitundike mbali hata mistari isionekane, uzilinganishe na moshi wa malori yapitayo. Simama mbali na barabara, upande utokako upepo.