Bawabu wa shule anajua ndege kukuliko

Haya, weka simu chini. Taja ndege kumi wa Asembo Bay. Kuku hahesabiwi. Wengi wetu tungekwama kwa kunguru, mwewe na "kale kandege ka manjano".

Na si ati ndege hawako. Kenya ina zaidi ya aina 1,000, na huu ufuo wa Siaya uko kwa ziwa lenyewe. Simama karibu na boti za omena umtazame yule mweusi kwa mweupe anayepigapiga mabawa hewani, mahali pamoja, kisha anajitupa majini kichwa kwanza. Huyo ni mdiria. Mcheki kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja, tena umekatika katikati. Mwenye kichwa cheupe anayepiga mayowe juu ya mti ni furukombe. Na lile rundo kubwa la vijiti kwenye matawi ni nyumba ya fundichuma, ndege wa kahawia asiyefikia hata ukubwa wa kuku. Sijui anajengea nani.

Shule nyingi huachia klabu mambo haya. Wildlife Clubs of Kenya ilianza 1968, kazi nzuri, lakini watoto ishirini na mwalimu mmoja hawatoshi. Bawabu ameamka kabla ya jogoo. Mpishi anajua nani huiba makombo nyuma ya jikoni. Mtoto anayepitia kando ya mafunjo asubuhi ameona ambao mwalimu hajawahi kuona. Wote waandike kwa chati moja ukutani, safu tatu: Dholuo, Kiswahili, Kiingereza. Otenga, mwewe. Agak, kunguru. Programu ya Merlin ni ya bure na ukishapakua data yake inafanya kazi bila bando, sawa, lakini haitakuambia dani wako alimwitaje huyo ndege.

Halafu kuna tula. Bundi. Akitua kwa paa la bweni usiku, mawe yanaanza kuruka, maana tumeambiwa analeta kifo. Msee, amefuata panya! Wale wale wanaotoboa magunia ya mahindi ya shule. Jina lake likiwa kwa chati, lazima mtu aulize mbona anapigwa, na hapo ndipo mwalimu wa sayansi hafai kunyamaza.

Kama uko Kisumu, anzia Dunga. Kuna vijana wa hapo wanaotembeza wageni kwenye kinamasi. Waombe wakuonyeshe yule mweusi wa kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye maisha yake yote ni ndani ya mafunjo. Yakichomwa, hana kwingine.

Na Desemba ukishuka ushago, angalia waya za stima. Baadhi ya wale mbayuwayu waliojipanga wametoka Ulaya. Muulize dani jina lao kabla hujafungua simu.