Fahamu: Sindano za kupunguza unene zinazouzwa mtandaoni

Sindano ya Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Wegovy, yenye dawa ileile ya semaglutaidi, ikafuata mwaka 2021 kwa ajili ya unene. Dawa hiyo huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Inafanya kazi kweli, na ndiyo maana matapeli wameivamia.

Oktoba 2023, watu kadhaa nchini Austria walilazwa hospitali baada ya kujidunga Ozempic bandia. Sukari yao ilishuka mno, wengine wakapata degedege. Dalili zilionyesha kwamba kalamu za sindano walizotumia zilikuwa na insulini. Hebu fikiria: mtu asiye na kisukari anajidunga insulini bila kujua! Juni 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani.

Hata dawa halisi ina masharti. Kabla ya kuanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kifurushi kilichopakiwa kwenye bodaboda adhuhuri, Dar es Salaam au Mombasa, kimepigwa na joto ambalo muuzaji wa Instagram hatakueleza. Dozi nayo huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, kisha hupandishwa taratibu. Anayeruka ngazi hujitafutia kichefuchefu na kutapika.

Muulize muuzaji mfamasia wake aliyesajiliwa ni nani, na kama anadai cheti cha daktari kabla ya kupokea pesa. Muuzaji asiyekuuliza hata kama una mimba, usimtumie hata shilingi.