Unaenda India? Usiulize Tikiti Tu, Uliza Ni Mwezi Gani

Labda una beshte anaenda kusoma India, ama mathe wako ametumwa hosi za huko. Mtauliza visa ni ngapi, tikiti ni ngapi, chakula iko aje. Hakuna mtu huuliza ni mwezi gani. Na kaskazini mwa India, mwezi ndio huamua utapumua nini.

Chukua mji wa Kanpur. Uko jimbo la Uttar Pradesh, kando ya mto Ganga, mbali kabisa na bahari. Ni mji wa kazi, unajulikana sana kwa viwanda vya ngozi. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa takwimu za hewa za miji, na Kanpur ikawa juu kwa uchafu. Ile vumbi laini inaitwa PM2.5 ilikuwa mikrogramu 173 kwa kila mita moja ya ujazo, wastani wa mwaka mzima. Leo WHO inasema isipite 5. Hiyo vumbi ni nyembamba kuliko unywele wako karibu mara 30, so pua haiishiki. Inashuka hadi chini kabisa ya mapafu, na nyingine inaingia kwa damu.

Sasa cheki vile mwaka unaenda.

Machi hadi Juni ni jua kali. Mei inaweza kugonga digrii 45, na kuna upepo moto unaitwa loo unakuja na vumbi kutoka magharibi. Hewa si safi, lakini angalau inasonga. Ardhi ikichemka, hewa inapanda juu na moshi unasambaa.

Mwisho wa Juni mvua ya monsuni inafika, inanyesha hadi Septemba. Hapa ndio mji hupata pumzi. Mvua inaosha hewa, na anga inarudi rangi yake.

Oktoba mambo inageuka. Mvua imeisha, upepo umelala. Wakulima wa Punjab na Haryana wamevuna mpunga na wanachoma mabua ndio wawahi kupanda ngano, na moshi unateremka na upepo hadi huku. Ongeza fataki za Diwali. Halafu Desemba na Januari baridi inashika, usiku inaenda chini ya digrii 10, na ukungu unafunika barabara.

Siri iko hapa. Kawaida hewa ya chini ni moto kuliko ya juu, ndio maana inapanda. Usiku wa baridi ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa nzito, na ile ya joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa malori, wa matanuri ya matofali, wa majiko ya kuni na samadi, wote unabaki ndani. Kaskazini milima ya Himalaya imeziba kama ukuta. Na usidhani ni Kanpur peke yake. Delhi, penye Wakenya wengi hushukia, pia inasongwa na moshi huo huo.

Wanaoumia zaidi si wenye mashine za kusafisha hewa kwa nyumba. Ni jamaa wa riksho, mama anauza chai kando ya barabara, na soja wa usiku anayeota moto wa takataka. Hao hawachagui mwezi.

Wewe ukiweza, chagua. Kama una pumu na safari inaweza kusongeshwa, lenga Julai hadi Septemba. Kama matibabu hayangoji, mwambie daktari mapema kuhusu kifua chako, na uulize kama hosi ya kusini, mfano Chennai iliyo kando ya bahari, inaweza kukusaidia. Ukifika, angalia kipimo cha hewa kwa simu kila asubuhi: chini ya 50 ni poa, juu ya 200 ni mbaya, juu ya 400 kaa ndani. Beba barakoa ya N95, kitambaa hakizuii hiyo vumbi. Na kama hukimbia asubuhi, ngoja jua litoke kwanza, kifuniko kifunguke.

Na mtu akikuambia "ni ukungu tu," nusa. Ukungu haunuki moshi.