Kikianguka Kimoja, Vingapi Vinaanguka?

Mwananchi anayefika kaunta kulipia leseni au bili ya maji, akaambiwa "mtandao uko chini", huwa hana la kuuliza zaidi. Anarudi nyumbani, na kesho yake anapanga foleni upya. Jibu hilo tumelizoea kiasi kwamba tunalipokea kama tunavyopokea mvua, jambo lisilo na mwenyewe. Ukweli ni kwamba mara nyingi mtandao wenyewe haujafa. Kilichokufa ni kipande kimoja cha mfumo, nacho kimewaburuta wenzake kwa sababu mtu fulani, zamani, aliamua kwamba vipande vyote vikitegemee hicho kimoja, au hakuamua chochote na mambo yakajipanga yenyewe hivyo. Maamuzi ya namna hiyo ndiyo usanifu wa mfumo. Kabla usanifu haujawa suala la lugha ya kompyuta itakayotumika au rangi ya skrini, ni suala la nini kitegemee nini, na kitakachotokea siku kinachotegemewa kitakapokosekana. Swali hilo ni la mwenye mradi, wala halipaswi kuachwa mikononi mwa mafundi peke yao.

Ugumu ni kwamba usanifu hauonekani. Mtumiaji anaona vitufe, fomu na maandishi. Haoni taarifa zake zinahifadhiwa wapi, kipande kipi cha programu kinazijua, wala vipande hivyo vinaulizana vipi. Mwenye nyumba anaweza kubadili rangi ya ukuta siku ya Jumamosi na Jumapili akapokea wageni, lakini akitaka kuhamisha choo kutoka upande mmoja kwenda mwingine lazima avunje sakafu. Mifumo ya kompyuta nayo ina mambo ya rangi na mambo ya sakafu, na kinachosikitisha ni kwamba vikao vingi vya kukagua miradi hutumia saa nzima kwenye rangi. Wajumbe wanaonyeshwa skrini, wanajadili nembo ikae kulia au kushoto, kisha wanapitisha. Hakuna anayeuliza itakuwaje watu laki moja wakiingia kwa pamoja, au seva ya idara nyingine ikizimika mchana.

Mfano unaofundisha zaidi uko Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya nchi hiyo ilifungua HealthCare.gov, tovuti ambayo wakazi wa majimbo 36 wangeitumia kununua bima ya afya chini ya sheria mpya ya Rais Obama. Pesa hazikukosekana, wala kampuni zenye uzoefu. Hata hivyo, kumbukumbu zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge zilionyesha kwamba siku ya kwanza watu waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa 6. Maofisa walieleza kwamba walitarajia watumiaji kati ya 50,000 na 60,000 kwa wakati mmoja, wakaja kama 250,000. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakutosha. Umati unaeleza kwa nini tovuti ilikuwa nzito. Hauelezi kwa nini ilikwama pale pale ilipokwama, mlangoni.

Mpango wa awali ulikuwa mtu aweze kutazama bima na bei zake bila kujitambulisha, kama anavyopita mteja sokoni akiuliza bei. Wiki chache kabla ya uzinduzi njia hiyo iliondolewa, na kila mgeni akatakiwa kwanza afungue akaunti. Kwa macho ya mtumiaji lilikuwa badiliko dogo, skrini moja kutangulia nyingine. Kwa upande wa usanifu, uamuzi huo uliufanya mfumo mzima utegemee kipande kimoja, kile cha kusajili na kutambua watu. Aliyetaka kununua na aliyetaka kuchungulia tu walibanana kwenye mlango mmoja, na mlango ulipolemewa hakuna aliyeingia. Kazi yenyewe iligawanywa kwa makumi ya kampuni, na jukumu la kuviunganisha vipande likabaki kwa wakala wa serikali ambao haukuwa na uzoefu wa kazi ya ukubwa huo. Wakandarasi waliliambia Bunge kwamba jaribio la mfumo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, lilifanyika ndani ya wiki mbili za mwisho tu. Kikosi cha uokoaji kilipofika kilikuta hakuna hata skrini ya kuwaonyesha wahusika mfumo unaumwa wapi. Wakaanza na hilo: kupima, kukutana kwa vikao vifupi kila siku, kuondoa kizuizi kimoja baada ya kingine. Kufikia mwanzoni mwa Desemba tovuti iliweza kuhudumia watu 50,000 kwa pamoja, na kufikia Aprili 2014 watu milioni 8 walikuwa wamejiandikisha kupitia masoko ya bima ya serikali kuu na ya majimbo. Baadaye mlango wa kuingilia ulijengwa upya.

Maarifa ya kuepuka balaa kama hilo hayakuwa mapya. Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta David Parnas alichapisha makala iliyouliza programu igawanywe kwa kigezo gani. Mazoea ya wakati ule yalikuwa kuigawa kwa kufuata hatua za kazi: kipande cha kusoma, cha kupanga, cha kuchapisha. Parnas alionyesha kwamba mgawanyo huo unavifanya vipande vyote vijue siri moja, yaani jinsi taarifa zilivyohifadhiwa, kwa hiyo siri hiyo ikibadilika vyote vinafumuliwa. Ushauri wake ulikuwa kila kipande kifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika kesho, na vingine vikijue kwa huduma kinayotoa tu. Miaka minne kabla yake, 1968, mtaalamu mwingine, Melvin Conway, alikuwa ameandika kwamba taasisi inayosanifu mfumo huishia kutoa mfumo unaofanana na mawasiliano ya ndani ya taasisi hiyo. Idara ambazo hazisemezani zitazaa programu zisizosemezana. Ukiwaweka Parnas na Conway pamoja unapata jambo zito: mipaka ya mfumo inahitaji kuchorwa kwa makusudi, na anayechora mipaka ya kazi, ya mikataba na ya idara tayari anasanifu, hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa programu.

Tanzania tuna mfano wa mpaka uliochorwa kwa makusudi. Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulianza kutumika mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha. Tuseme zipo taasisi 100 zinazopokea malipo, na benki pamoja na kampuni za simu 20 zinazoyapitisha. Kila taasisi ikijiunga na kila njia ya malipo, viungo vinavyotakiwa kujengwa, kupimwa na kutunzwa ni 2,000. Zote zikikutana kwenye lango moja, viungo vinabaki 120. Taasisi inatengeneza bili na kuipeleka langoni, nalo linatoa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12. Mlipaji anaipeleka benki, kwa wakala au kwenye simu yake, na anayepokea fedha anaiuliza GePG namba hiyo ni ya bili gani na ya kiasi gani. Benki haina haja ya kujua kompyuta za mamlaka ya maji zimepangwaje. Mamlaka ya maji ikibadili programu yake yote usiku mmoja, benki hazitajua. Hiyo ndiyo siri iliyofichwa mahali pake.

Namba ya kumbukumbu inatupeleka kwenye jambo jingine ambalo wengi wamelionja bila kujua kuwa ni la usanifu. Mteja ameingiza namba ya siri, simu imezunguka, mawasiliano yamekatika. Pesa zimekwenda au hazijakwenda? Huenda ombi lilipotea likiwa linakwenda, na hakuna kilicholipwa. Huenda ombi lilifika, fedha zikakatwa, ila jibu likapotea likirudi. Kwa aliyeshika simu hali hizo mbili hazina tofauti, kwa hiyo atabonyeza tena. Mfumo uliojengwa ovyo unalichukua ombi la pili kuwa malipo mapya na kukata mara mbili. Mfumo uliosanifiwa vema unaupa muamala namba kabla fedha hazijaguswa, na ombi likirudi na namba ile ile unajibu kwamba hili limeshalipwa, risiti hii hapa. Kasoro hii haitibiwi kwenye skrini. Unaweza kukificha kitufe baada ya kubonyezwa mara moja, lakini mteja atazima simu, ataiwasha na kuanza upya. Dawa iko chini, katika uamuzi wa awali kwamba mawasiliano yatakatika na kila kipande lazima kijue la kufanya yakikatika.

Msomaji makini atapinga hapa. Kama tatizo ni vyote kutegemea kimoja, lango moja la malipo si ndilo kosa la HealthCare.gov lililorudiwa? Hoja hiyo ina uzito. Lango likisimama, taasisi zote zinasimama kupokea fedha kwa njia hiyo. Ila usanifu haukatazi utegemezi, kwa kuwa mfumo usiotegemea chochote haufanyi lolote. Unachodai ni kwamba utegemezi uchaguliwe kwa macho mawili na kulipiwa gharama yake. Lango moja linalojulikana kuwa lango linaweza kupewa seva za akiba, wahandisi wa zamu usiku na mchana, na utaratibu wa kupokea bili zilizochelewa pindi linaporudi. Kule Marekani mlango wa usajili uligeuka nguzo ya mfumo mzima wiki chache kabla ya siku yenyewe, bila kuimarishwa kama nguzo.

Pingamizi la pili linatoka kwa mafundi wenye shauku. Wanasema dawa ni kuuvunja mfumo katika huduma ndogo ndogo nyingi, kama zifanyavyo kampuni kubwa za dunia. Lakini kila mpaka una ushuru wake. Vipande viwili vilivyokuwa vikizungumza ndani ya kompyuta moja sasa vinazungumza kupitia mtandao, ambao huchelewa, hukatika na hulipiwa. Mwaka 2023 timu moja ya Prime Video, huduma ya filamu ya Amazon, ilieleza kwamba chombo chake cha kukagua ubora wa picha na sauti kilikuwa kimegawanywa mno, na kwamba ilipokirudisha kuwa programu moja gharama za uendeshaji zilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Haina maana kwamba kugawa ni kosa. Ina maana kwamba idadi ya vipande haipimi ubora. Ofisi yenye waandishi wa programu wanne itafanya busara kubaki na programu moja iliyopangwa vizuri ndani yake.

Wapo pia wanaosema muda wa kusanifu haupo: anza kujenga, mengine yatajulikana njiani. Wanaweza kutaja tamko la mwaka 2001 la watetezi wa kujenga kwa awamu fupi, ambalo moja ya kanuni zake inasema usanifu bora huibuka katika timu zinazojipanga zenyewe. Kwa sehemu kubwa ya mfumo wako sahihi. Kuandika kurasa mia tatu za michoro kabla ya kumwonyesha mtumiaji chochote ni njia nyingine ya kupotea. Ila maamuzi machache hayasubiri kuibuka: mtu atatambuliwa kwa namba gani, taarifa zake zinamilikiwa na nani, kazi itaendeleaje mtandao ukikatika. Programu ya simu ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, humruhusu mhudumu kuingiza taarifa bila intaneti, kisha zikapelekwa mawasiliano yakipatikana. Uwezo huo hauongezwi juu juu mwishoni. Ni lazima taarifa zipangwe tangu mwanzo zikubali kuwepo mahali pawili kwa muda, na iwepo kanuni ya kuamua ipi ishike zikigongana.

Linabaki pingamizi la ofisini: haya ni ya wataalamu, mwenye mradi atayajulia wapi? Si lazima ajue kuandika programu, ila ni lazima adai kuandikiwa. Mwaka 2011 mtaalamu wa programu Michael Nygard alipendekeza desturi rahisi ya kuandika kila uamuzi mkubwa wa usanifu kwenye ukurasa mmoja au miwili: hali ilikuwaje, tuliamua nini, na uamuzi huo utatugharimu nini. Karatasi hizo zikikaa pamoja na programu, fundi akiondoka mrithi wake hatabaki kukisia. Sharti hilo linaweza kuandikwa kwenye mkataba wa zabuni yoyote, pamoja na masharti mengine mawili: mfumo mzima ujaribiwe kutoka mwanzo hadi mwisho miezi kadhaa kabla ya uzinduzi, na katika jaribio hilo kila kipande kizimwe kimoja kimoja mbele ya mwenye mradi ili aone ni vingapi vinaanguka nacho. Mkandarasi anayejua kazi yake hatalikwepa jaribio hilo. Anayelikwepa atakuwa ameshampa mwenye mradi jibu kabla malipo ya mwisho hayajatoka.