Kinachopita Bila Kukohoza

Mbeere Kusini, kaunti ndogo ambayo makao yake yako Kiritiri, ina utajiri wa nishati na uhaba wake kwa wakati mmoja. Mto Tana unaopita chini ya mashamba ya ndengu na muguka umezuiwa mara tano: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme wa mabwawa hayo unasafiri hadi miji ya mbali, ilhali katika maboma mengi yaliyo karibu nayo githeri inaiva juu ya mafiga, na magunia ya makaa yamesimama kando ya barabara yakingoja wanunuzi. Hali hiyo si ya Mbeere pekee. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55 hivi ya nyumba za Kenya zinapikia kuni na karibu asilimia 12 makaa. Waliokuwa na gesi hawakufika hata robo. Katika jikoni hizo zote kuna imani moja inayoonekana ya busara kabisa, kwamba moshi mbaya ni ule unaotoa machozi na kukohoza, na kwa hiyo anayehama kutoka kuni hadi makaa amekwisha kuyaokoa mapafu yake. Ninavyoona mimi, imani hiyo imewadhuru watu wengi, na kosa lake linaonekana wazi mtu akifuata safari ya pumzi moja tu.

Mapafu yenyewe hayana msuli wa kujitanua. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, msuli mpana uliotenga kifua na tumbo, ukisaidiwa na misuli ya mbavu. Kiwambo kikijikaza kinashuka, mbavu zinainuka, nafasi ya kifuani inaongezeka, na hewa ya nje inaingia kujaza nafasi hiyo. Mtu mzima aliyetulia huvuta nusu lita hivi, mara 12 hadi 16 kwa dakika, na kwa siku nzima hupitisha lita zipatazo 10,000. Hewa hupita puani, ikavuka zoloto, ikashuka kwenye mfereji wa shingoni unaogawanyika kuwili, kisha kila tawi likagawanyika tena na tena, karibu mara 23, hadi kufikia vifuko vidogo mno ambavyo idadi yake ni kati ya milioni 300 na milioni 500. Kuta za vifuko hivyo vyote zikitandazwa zinafikia mita mraba 70 hivi, uwanja wa kutosha kuanikia mavuno ya ndengu ya shamba zima, na zote zimekunjwa ndani ya kifua. Ukuta unaotenga hewa na damu ni mwembamba mara mia na zaidi kuliko karatasi. Hapo ndipo oksijeni inapoingia kwenye damu na kaboni dioksaidi inapotoka: hewa tunayovuta ina asilimia 21 ya oksijeni, tunayotoa ina 16 hivi.

Uwanja mpana namna hiyo, wenye ukuta mwembamba namna hiyo, usingedumu hata mwaka mmoja bila ulinzi. Nywele na ute wa pua hunasa chembe kubwa, zile za vumbi la kiangazi na majivu. Zinazopenya zaidi hunata kwenye ute uliofunika njia za hewa, na vijinywele visivyoonekana kwa macho husukuma ute huo juu mchana na usiku mpaka kooni, ambapo tunaumeza au kuutema kama kohozi. Kikohozi nacho ni sehemu ya kazi hiyo hiyo ya kufagia. Ila ulinzi huu wote umepangwa kwa ajili ya vitu vinene. Chembe nyingi za moshi wa kuni hazifiki hata mikroni moja, wakati unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe ndogo kiasi hicho hazigongi kuta za njia. Zinaelea na mkondo wa hewa hadi vifukoni, mahali pasipo na ute wala vijinywele. Kule chini kuna seli walaji tu, zinazomeza takataka moja moja, na zikizidiwa huita uvimbe ambao ukirudiwa kwa miaka huharibu tishu yenyewe. Isitoshe, moshi hupunguza kasi ya vile vijinywele, kwa hiyo vijidudu ambavyo vingefagiwa navyo vinapata muda wa kukaa. Machozi na kikohozi, basi, vinatueleza habari za chembe zilizozuiwa. Zilizopita hazisemi neno.

Makaa yanaonekana safi kwa sababu sehemu kubwa ya moshi wake ilikwisha kutoka kwenye tanuri la udongo huko porini, ikavutwa na mchomaji. Kinachobaki huungua bila moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu, huishika gesi hii kwa nguvu zinazozidi mara 200 zile za kushikia oksijeni. Jambo linalonitia hofu zaidi ni jinsi mwili unavyosimamia pumzi. Ubongo huamua kasi ya kupumua hasa kwa kupima kaboni dioksaidi. Mtu anayevuta kaboni monoksaidi bado anatoa kaboni dioksaidi kama kawaida, hivyo hapati ile shida ya kutafuta pumzi ambayo ingemfanya akimbilie mlangoni. Anapata kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Anayeingiza jiko chumbani usiku wa baridi ya Julai, akafunga dirisha kwa kuwa haoni moshi wowote, amejinyima onyo la mwisho alilokuwa nalo. Na hata akitolewa nje, damu yake huhitaji saa 4 hadi 6 za hewa safi kupunguza sumu hiyo kwa nusu tu.

Wapo watakaosema kwamba bibi zetu walipikia mafiga maisha yao yote na wakazeeka. Ni kweli, wengine walizeeka. Lakini tunaowaona ni waliobaki. Watoto wachanga waliokufa kwa nimonia na akina mama waliomalizwa na kifua hawapo kuhesabiwa nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 katika mwaka wa 2020, na zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wasiofika miaka 5. Wengine hutaja faida za moshi, na hapa siwapingi kabisa: hukausha mbegu za mahindi darini, hufukuza wadudu wanaotafuna miti ya paa. Hizo ni faida za paa na dari, na zinaweza kupatikana mpikaji akiwa nje.

Hoja nzito kuliko zote inatoka kwa watafiti wenyewe. Nchini Malawi, majiko yaliyoboreshwa ya kuni yaligawiwa katika utafiti uliofuata watoto zaidi ya 10,000, na mwishoni mwa 2016 ikatangazwa kwamba nimonia haikupungua, ingawa ajali za kuungua zilipungua. Utafiti mwingine uliotumia gesi katika Rwanda, Guatemala, India na Peru nao haukuona tofauti ya uhakika ya nimonia kali kwa watoto wachanga. Je, moshi hauna hatia? Majibu kuhusu Malawi yanaweza kusomwa katika kazi iliyofanywa hapa hapa Kenya, Laikipia, na Majid Ezzati na Daniel Kammen, ikachapishwa 2001. Walipima moshi katika nyumba 55 na kufuatilia maradhi ya kifua, wakaona hatari inapanda haraka moshi unapoanza, kisha kasi ya kupanda inapungua moshi unapokuwa mzito sana. Aliyekwisha kulowa chapachapa hakaushwi na mvua iliyopungua nusu. Jiko linalopunguza moshi kwa nusu katika jikoni iliyofungwa linamwacha mtoto pale pale penye hatari, hasa ikiwa taka zinachomwa uani na jirani bado anapikia kuni. Habari ya gesi nakiri ni ngumu zaidi: nimonia ina vyanzo vingi, utapiamlo na chanjo zikiwemo, na jiko peke yake halitaimaliza. Ila nimonia ya mwaka wa kwanza si hesabu yote. Mapafu yaliyochakaa, moyo na mtoto wa jicho ni madeni ya miaka 30, na hakuna utafiti wa miezi 18 unaoweza kuyaona.

Gesi ingekuwa jibu rahisi kama si bei yake. Serikali iliirudishia kodi ya asilimia 16 Julai 2021, ikaishusha hadi 8 mwaka uliofuata na kuiondoa 2023. Kwa mkulima anayengoja bei ya ndengu, misukosuko hiyo ilitosha kumrudisha porini kutafuta kuni. Mpaka atakapoweza kununua mtungi na kuujaza bila kukatizwa, kipimo cha jikoni yake kisiwe machozi. Kiwe njia ya hewa: pengo kati ya ukuta na paa, madirisha mawili yanayotazamana, kuni zilizokauka vizuri, jiko la makaa lisilolala ndani. Na kiwe pia mahali alipo mtoto. Aliyebebwa mgongoni mama akiinama juu ya sufuria huvuta hewa ile ile ya mama, lakini kwa kasi ya pumzi 30 au 40 kwa dakika, katika mapafu ambayo vifuko vyake bado vinaongezeka. Kumpa shangazi au dada mkubwa amshike nje chini ya mti, ugali unaposongwa, hakugharimu shilingi hata moja. Na akiugua kifua, ahesabiwe pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa kutumia saa: 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni mtoto wa kupelekwa zahanati siku hiyo hiyo, awe anakohoa sana au kidogo.